Fumo: Cheo Kilichogeuka Jina katika Visiwa vya Lamu

Ni rahisi kwa mhakiki wa Utendi wa Fumo Liyongo kulipita neno la kwanza katika jina la shujaa, au kulieleza kwa maana ya mkuki wenye bapa pana. Maana hiyo imo katika Kiswahili na yaafiki ushujaa. Hata hivyo, makala haya yanadai kuwa haitoshi, na kwamba yaupunguzia utendi uzito wake wa kisiasa.

Ushahidi wa kwanza ni wa kilugha. Katika Kikongo na Kinyanja, mfumu ni mtawala. Padri Mreno João dos Santos, katika kitabu chake cha mwaka 1609, analitaja fumo kuwa cheo cha wakuu wa vijiji huko Zambezi. Cheo hiki, basi, ni cha Kibantu.

Ushahidi wa pili watoka Pate. Fumo Madi, aliyetawala hadi mwanzoni mwa karne ya 19, jina lake la Kiarabu lilikuwa Muhammad bin Abubakar. Wanabahani walijinasibisha na Oman, lakini walitawala kwa cheo cha wenyeji. Baadaye cheo kiliganda. Ahmad, aliyeitwa Simba na kutawala Witu, ni "bin Fumo Luti": cheo cha baba kimeingia katika nasaba. Fumo Bakari, ambaye mji wake wa Witu ulishambuliwa na Waingereza Oktoba 1890, alikuwa na jamaa wa zama zake aitwaye Fumo Omari. Cheo cha mtawala mmoja hakiwezi kubebwa na wawili kwa pamoja. Hapa neno limekuwa alama ya ukoo.

Turejee sasa kwenye utendi, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, zaidi ya miaka ishirini baada ya shambulio la Witu. Tukilisoma Fumo kama mkuki, tunaona mfalme anayemhofu mtu mwenye nguvu. Tukilisoma kama cheo, tunaona madai mawili ya utawala yakikabiliana. Masimulizi mengine yanaafiki, kwani yanamtaja Mringwari wa Shaka kuwa mpinzani wa Liyongo katika urithi. Hata usaliti wa mwana wabadilika sura. Kijana aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme hamuui baba tu, bali anaiuza haki aliyopaswa kuirithi.