Tingatinga Alianzia Ukutani: Michoro Yetu katika Mitumba ya Ughaibuni

Kila mchoraji Edward Saidi Tingatinga anapotajwa, halikosekani dai kwamba aliwaiga wachoraji wa Kikongo waliokuwa wakiuza picha Dar es Salaam miaka ya 1960, na kwamba kazi yake yote ilikuwa ya kuwauzia wageni. Dai hilo limetugharimu. Picha ikishaitwa ya kuiga, hakuna anayeona haja ya kuitunza. Mwenye nayo akifariki, huondolewa ukutani, ikafungwa katika boksi moja na vikombe na mashuka, ikafikia duka la mitumba ambako anayepanga bei hajui ni mkono wa nani.

Maisha yake yanafahamika. Alizaliwa 1932 Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam. Alianza kuchora 1968, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi zote za mkono wake zimo katika miaka hiyo minne.

Kisichosomwa ni kitabu cha Mjerumani Karl Weule, kilichotoka 1908. Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alifika nchi ya Masasi na uwanda wa Wamakonde mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa bado vinafuka. Alikuta michoro kwenye kuta za nyumba za udongo. Akawagawia wenyeji karatasi na penseli wachore wapendavyo, na michoro yao akaichapisha kitabuni. Macho ya Weule yalikuwa ya mkoloni, na maelezo yake mengi yanaudhi. Lakini ushahidi wake hauwezi kutupwa: miaka zaidi ya 60 kabla ya Tingatinga kushika brashi, watu wa kusini, jirani kabisa na Tunduru, walikuwa tayari wakichora watu na wanyama ukutani.

Sikatai kwamba Tingatinga aliwaona Wakongo wakiuza. Pengine ndipo alipojua kuwa picha inaweza kumpatia mtu riziki. Ila kuona soko si kufundishwa kuchora. Chui wake amesimama peke yake, amejaza ubao mzima, nyuma yake rangi moja tupu, kama umbo linavyokaa juu ya ukuta uliosiribwa. Wanaodai kwamba kijana wa Tunduru lazima awe amepokea sanaa kutoka nje wameshindwa kueleza chui huyo, nami sioni sababu ya kuendelea kuwasubiri.

Vifaa vyake vilikuwa vya kawaida: hadibodi ya ujenzi na rangi ya kung'aa ya baiskeli. Aliuza karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay, kwa shilingi chache, na wengi wa wanunuzi walikuwa wageni: wataalamu, watu wa kujitolea, watu wa balozi. Walipomaliza mikataba yao, picha ziliondoka nao. Wanafunzi wake, akina January Linda, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo, Omari Amonde, Ajaba Abdallah na Simon Mpata, waliiendeleza kazi, na baadaye vitambaa vya kukunjwa vikachukua nafasi ya mbao.

Msomaji wa hapa Bweri, mjini Musoma, atauliza Musoma inaingiaje. Inaingia kwa mlango wa misheni. Wamennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, kisha wakajenga Bukiroba, si mbali na stendi yetu ya mabasi. Mapadre wa Maryknoll walianza kazi Musoma mwaka 1946. Kwa miongo mingi wauguzi, walimu na mafundi wa misheni hizo walikwenda makwao na kumbukumbu za Tanzania ndani ya masanduku. Mwaka 1972, mwaka aliouawa Tingatinga, wanawake wanne wa Kimennonite huko Altona, Manitoba, Kanada, walifungua duka la vitu vilivyotumika ili kuchangia kazi za msaada za kanisa lao. Leo maduka ya namna hiyo yameenea Kanada na Marekani. Kizazi kilichofanya kazi kwetu kinazidi kupungua, na vitu vyake vinagawiwa. Mtafiti anayetaka kuzisaka mbao za miaka ile minne aanzie huko kabla ya kwenda kwenye minada ya London.

Kuokota tu hakutoshi. Dereva wa lori wa California, Teri Horton, alinunua picha kwa dola 5 katika duka la mitumba, akaamini ni ya mchoraji Jackson Pollock. Alikataa dola milioni 9, na alifariki mwaka 2019 bila wakuu wa soko la sanaa kuikubali, kwa sababu haikuwa na nyaraka za kuonyesha ilikopitia. Kwa Tingatinga tatizo ni lilelile, kwani jina lake limeandikwa na mikono mingine pia. Kwa hiyo geuza ubao. Tazama nyuma kama ni hadibodi yenye alama za wavu, kama kuna lebo, mhuri, bei ya penseli, jina la aliyenunua. Mbele, tazama kama rangi imepakwa kwa tabaka nene lenye kung'aa.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa 1999, yanatunza zawadi alizopewa Mwalimu. Nayaomba yafungue daftari la michoro ya zamani iliyomo katika nyumba za Mara, na yawaandikie wamisionari wastaafu na watoto wao wakiwa bado hai. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu au katika ofisi ya parokia kuna ubao wa zamani wenye mnyama mmoja, usiupake rangi mpya wala usiuoshe kwa sabuni. Piga picha pande zote mbili, mwulize mzee aliyeuleta aliununua wapi na mwaka gani, na uandike jibu lake leo.