Nahau za Kiingereza kwa mwanafunzi wa Vugiri

Nahau za Kiingereza ni mafungu ya maneno ambayo maana yake haipatikani kwa kulijua neno mojamoja. Makala hii inazieleza kwa jinsi anavyokutana nazo mwanafunzi wa Vugiri, kata ya Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, kwenye milima ya Usambara Magharibi. Huko watoto wengi huanza na Kisambaa nyumbani na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka Kiingereza.

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini serikali ikaamua Kiingereza kibaki. Ndiyo maana Kiingereza cha mwanafunzi wa milimani ni cha ubao na daftari: anazijua nyakati za vitenzi kabla hajawasikia watu wakitaniana kwa lugha hiyo. Nahau, ambazo maskani yake ni mazungumzo, humfikia mwisho, tena kwa orodha ya kukariri. Orodha humpa mtu jibu la mtihani, haimpi la kusema.

Hata hivyo mwanafunzi huyu ana mtaji ambao vitabu vingi vya kiada havimpi sifa yake. Ameshajifunza nahau za mazingira yasiyo yake. Anaposema fulani "amekalia kuti kavu" anatumia picha ya mkwezi wa minazi, nayo minazi ni ya pwani, Tanga na Pangani, si ya milima ya baridi. Alielewa bila kukwea mnazi kwamba mtu huyo yuko hatarini wakati wowote. Kwa njia hiyohiyo ataelewa "on thin ice", ambayo picha yake ni mtu aliyesimama juu ya barafu nyembamba ya ziwa wakati wa kipupwe. Kuti na barafu hufanya kazi moja: vyote huonekana kubeba, kisha hukatika ghafla.

Njia hii ina nguvu kuliko kukariri. Mwanaisimu Frank Boers na wenzake, waliofanya utafiti kwa wanafunzi nchini Ubelgiji, wameonyesha kwamba anayeelezwa asili ya nahau huikumbuka vizuri zaidi. Na asili nyingine ziko karibu. "The writing on the wall", dalili ya maangamizi yanayokuja, inatoka katika karamu ya Belshaza, Danieli sura ya 5. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaijua tayari. "A pound of flesh", deni linalodaiwa bila huruma, inatoka kwa Shylock katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, 1969. Darasa likisoma tafsiri hiyo kwanza, nahau huingia yenyewe.

Chai nayo inafaa, kwa kuwa mashamba ya chai ya Ambangulu yako katika milima hiyohiyo. Vijana husema "hiyo chai" wakisikia habari ya uongo, na mtu akiombwa "chai" ofisini anajua ni hongo. Kwa Waingereza chai imekwenda upande mwingine: "not my cup of tea" ni kitu kisichomvutia msemaji, na "a storm in a teacup" ni vurugu kubwa kwa jambo dogo.

Hatari iko pale lugha mbili zinapotumia kiungo kimoja kwa kazi tofauti. "Kutia chumvi" ni kosa la msemaji anayezidisha habari. "Take it with a pinch of salt" ni tahadhari ya msikilizaji asiyeamini yote. "Kuvuta miguu" ni kuchelewesha jambo kwa makusudi, lakini "pull someone's leg" ni kumtania mtu. Hapa wanafunzi hodari ndio huteleza zaidi, kwa sababu wanajiamini kutafsiri.

Umbo pia halichezewi. "Amevaa miwani" ni kusema amelewa. Ukisema "miwani imevaliwa" ulevi umetoweka, imebaki miwani. Vivyo hivyo "he kicked the bucket" ni kusema amekufa, lakini ikigeuzwa kauli ya kutendwa, "the bucket was kicked", inabaki ndoo iliyopigwa teke. Kwa hiyo nahau iandikwe daftarini ndani ya sentensi nzima, pamoja na anayeisema na anayeambiwa.

Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha ngazi ya juu na ya kati ya ujuzi wa lugha. "Kick the bucket" ni maneno ya mzaha. Hayaandikwi katika barua ya rambirambi, kama ambavyo hakuna Msambaa wala Mzigua atakayesimama msibani aseme marehemu "amekata kamba". Atasema "ametutoka" au "ametangulia mbele ya haki". Kiingereza kina "passed away" kwa kazi hiyo, na mwanafunzi afundishwe zote mbili siku moja.