Msongo wa kisu: historia ya upasuaji wa utumbo, kutoka Glasgow hadi Mtwara

Mwili wa binadamu haubagui kati ya kisu cha daktari na panga la mhalifu. Ngozi na misuli vikikatwa, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli, sukari hupanda katika damu, misuli huanza kuvunjwavunjwa ili ipatikane protini ya kuponyeshea jeraha, na chembe za kinga hutoa kemikali ziletazo homa na uvimbe. Msongo huo ulianza kupimwa kwa makini karibu na mwaka 1930 mjini Glasgow, pale David Cuthbertson alipobaini kuwa waliovunjika miguu walipoteza naitrojeni nyingi katika mkojo, ishara kwamba nyama ya mwili mzima ilikuwa ikiliwa, wala si ya mguu ulioumia tu.

Miaka michache baadaye, mwaka 1935, daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, ambaye miaka 40 baadaye angekuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifika Masasi, katika mkoa wa Mtwara wa leo, na kufanya kazi Lulindi katika misheni ya Kianglikana ya UMCA. Upasuaji wa utumbo wa zama hizo, kama ulivyo bado katika hospitali nyingi za kusini mwa Tanzania, ulikuwa wa kulipasua tumbo kwa mkato mrefu na kuushika utumbo kwa mikono.

Njia ya matundu madogo ilikuwa imekwisha kubuniwa: Georg Kelling alichungulia tumbo la mbwa mwaka 1901, na Hans Christian Jacobaeus akafuata kwa binadamu mwaka 1910. Hata hivyo, ni mwaka 1980 ndipo Kurt Semm alipokiondoa kidole tumbo kwa njia hiyo, na ukataji wa utumbo mpana ukaanza kuripotiwa mwaka 1991. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, kisha kamera na vifaa vyembamba hupenyezwa.

Vipimo vya damu vilivyofuata vilionyesha kuwa interlukini-6, kemikali inayoamsha homa na uvimbe, hupanda kwa kiwango cha chini kwa waliotobolewa kuliko kwa waliopasuliwa, ilhali kotisoli hupanda karibu sawa kwa wote. Hapo ndipo sifa za kamera hutiwa chumvi, kwa kuwa homoni hazijali sana urefu wa mkato. Henrik Kehlet wa Copenhagen alionyesha kuwa ganzi ya mgongoni, hasa kwa upasuaji wa chini ya kitovu, huzituliza homoni hizo kwa kukata taarifa za maumivu zisifike kwenye ubongo. Katika miaka ya 1990 akaiunganisha na kumwamsha mgonjwa mapema na kumlisha mapema. Desturi ya wodini ya kumnyima mgonjwa hata uji mwepesi mpaka atoe upepo ikapoteza nguvu zake za kisayansi.

Kwa mgonjwa atokaye Msimbati au Kilambo, karibu na mlango wa mto Ruvuma, akiwa na ngiri iliyonasa au utumbo uliojisokota, msongo huwa umeanza kabla hajafika Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, kwa maana ametapika, amekaukiwa maji na pengine utumbo umeanza kuoza. Huyo huhitaji dripu, antibiotiki na kisu cha haraka. Gesi ya kamera, ikiligandamiza tumbo lililokwisha kuvimba, hupunguza damu irudiyo moyoni, nayo hudai nusukaputi kamili, mtaalamu wa usingizi na umeme usiokatika.