Laiti ya Baba, Laiti ya Mwana

Vita vya Zanzibar vya Agosti 27, 1896 vilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kabla ya saa nne kasorobo vilikuwa vimekwisha. Hesabu inayotajwa sana ni dakika 38. Vita vifupi namna hiyo huzaa laiti nyingi. Laiti Khalid bin Barghash angaliteremsha bendera mapema! Laiti mizinga yake ingalikuwa na nguvu! Laiti Wajerumani wangalimpa manowari badala ya hifadhi!

Lakini tarehe ya laiti hizo haianzi na Khalid. Inaanza miaka 37 nyuma, kwa baba yake, Barghash.

Babu yake Khalid, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alifariki baharini Oktoba 1856, akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Maskati. Kati ya wanawe, Thuwaini akabaki na Oman, Majid akaishika Unguja, na ndugu yao Barghash akatoka mikono mitupu. Mwaka 1859 Barghash alikula njama ya kumpindua Majid. Miongoni mwa waliomsaidia ni dada zake wawili, Khole na Salme. Salme alikuwa na ujuzi ambao mabinti wa jumbani hawakufundishwa: alijua kuandika. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia. Sasa mkono uleule ukawa unaandika barua za waasi.

Njama ilifichuka na nyumba ya Barghash ikazingirwa. Akatoroka usiku katikati ya kundi la wanawake, naye amejifunika kike, akakimbilia shamba la Marseilles, ambako wafuasi wake walijichimbia. Yumkini angeweza kupambana na Majid peke yake. Lakini Rigby, konseli wa Uingereza, alikuwa upande wa Majid, na mabaharia wa manowari Assaye walishuka nchi kavu kusaidia kuuzima uasi. Barghash akasalimu amri, akapelekwa uhamishoni Bombay.

Laiti ya kwanza iko hapo, na huenda ndiyo nzito kuliko zote. Barghash alionekana kuwa mtu wa Thuwaini. Angalishinda 1859, pengine Oman na Zanzibar zisingetengana, na Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, asingekuwa na shauri la kukata mwaka 1861, alipoamua kwamba Zanzibar ijitegemee na kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Dola yenye Maskati na Unguja pamoja ingekuwa ngumu zaidi kumezwa. Haikuwa hivyo, na tangu siku hiyo kila mgombea kiti alijua kwamba konseli wa Uingereza ana kura katika mambo ya ukoo.

Barghash mwenyewe hakupoteza kitu kwa kushindwa, isipokuwa muda. Alirudi kutoka Bombay, akatulia. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash alikalia kiti bila mzinga kulia. Baba alishindwa kwa nguvu akapata kwa subira. Mwanawe angeweza kujifunza hilo, na mwaka 1893 alifanya kama aliyejifunza.

Utawala wa Barghash ulikuwa na laiti zake. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu zake bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana karafuu zilihamia huko. Mwaka uliofuata, akiwa na hazina iliyochoka na kitisho cha kufungiwa bandari, alitia saini na Waingereza mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa. Ili kurudishia merikebu zilizozama aliagiza Uskochi meli iliyofanana na manowari ya Kiingereza iliyowahi kumvutia, akaipa jina lilelile, Glasgow. Mwaka 1877 akamchukua Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, amfundishie askari kwa mtindo wa Kizungu. Meli hiyo na askari hao watarudi katika habari hii.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilijipanga mbele ya jumba lake zikamtaka akubali mikataba ambayo kwayo Mjerumani Carl Peters alijipatia Usagara na majirani zake. Barghash hakufyatua hata risasi moja. Aliwategemea Waingereza wamtetee; nao mwaka uliofuata wakagawana bara na Wajerumani na kumwachia visiwa pamoja na ukanda wa pwani wa maili kumi. Alifariki 1888. Miaka miwili baadaye Unguja na Pemba zilitangazwa kuwa himaya ya Uingereza.

Mlango ulikuwa uleule, lakini ufunguo ulikuwa umehama. Masharti ya himaya yalisema hakuna sultani atakayekaa kitini bila ridhaa ya konseli. Sultani Ali bin Said alipofariki Machi 1893, Khalid aliingia jumbani, akaonywa, akatoka. Kiti akapewa Hamad bin Thuwaini. Kwa Khalid, kwa desturi ya baba yake, huo ulikuwa wakati wa kusubiri zamu.

Hamad alifariki ghafla Agosti 25, 1896, na uvumi wa sumu haukukawia. Safari hii Khalid aliingia jumbani na hakutoka. Alikusanya kiasi cha watu 2,800, wengi wao raia, akaelekeza mizinga baharini: bunduki za Maxim, mizinga miwili iliyotolewa zawadi na Kaizari wa Ujerumani, na mmoja wa shaba wa karne ya 17. Kwa upande wa pili walikuwepo askari 900 wa Zanzibar waliosimama na Waingereza, na Mathews, sasa waziri mkuu wa serikali ya sultani, alikuwa pamoja nao. Jeshi alilolianzisha baba lilikuwa likisubiri amri ya kumtoa mwana.

Bandarini zilikuwepo manowari tano, St George ya Admirali Rawson ikiwa kubwa kuliko zote. Konseli Cave alimpa Khalid muda hadi saa tatu. Saa mbili mjumbe wa Khalid alikwenda kwa Cave kutafuta mazungumzo, akaambiwa sharti ni moja tu: bendera ishuke. Saa tatu na dakika mbili Racoon, Thrush na Sparrow zilianza kupiga. Glasgow ilijibu kwa mizinga midogo, St George ikaizamisha. Milingoti yake ilibaki juu ya maji ya bandari hadi 1912. Jumba la Beit el-Hukm lilibomoka, na mnara wa taa mbele ya jumba la Beit el-Ajaib ukaharibiwa. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Bendera nyekundu ilipoangushwa, mizinga ikanyamaza.

Je, angeweza kushinda? Mwaka uleule, Machi 1, Menelik wa Ethiopia aliwavunja Waitaliano huko Adwa, kwa hiyo Mzungu hakuwa hashindiki. Lakini Menelik alikuwa na askari wanaokadiriwa kufikia 100,000, na milima isiyofikiwa na manowari. Jumba la Khalid lilikuwa ufukweni, ambapo sultani aliyaona majahazi yakiingia, na kilichoonekana kutoka dirishani kiliweza kulenga dirisha. Angalizamisha hata meli moja, nyingine zingefuata.

Laiti yenye uzito kwa asubuhi ile ni ndogo zaidi: angaliteremsha bendera saa mbili, watu 500 wasingeumia. Kiti kisingekuwa chake. Hamoud bin Mohammed, aliyetawazwa mchana huohuo, angetawazwa vilevile.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Kijerumani. Oktoba 2, maji yalipojaa hadi bustanini, mashua ya manowari Seeadler ilimchukua bila yeye kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Huko alikaa miaka 20, sultani wa akiba mikononi mwa Wajerumani. Kwa asubuhi moja akiba hiyo ilikaribia kuwa na maana: Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza, iliyotia nanga kwa matengenezo mbele ya Mji Mkongwe, na Pegasus ikazama siku hiyo. Lakini Königsberg haikushusha mtu. Iligeuza, ikarudi kujificha delta ya Rufiji. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwani Chapwani.

Waingereza walimkamata Khalid mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na St Helena. Mwishowe walimruhusu kurudi Afrika Mashariki, na akafariki Mombasa mwaka 1927. Kisheria Mombasa ilikuwa bado ndani ya maili kumi za Sultani wa Zanzibar, na bendera iliyopepea juu ya Fort Jesus ilikuwa ileile nyekundu.