Kalamu ya Mazrui, kifungo cha Neogy

Februari 1966 wanajeshi walimpindua Rais Kwame Nkrumah wa Ghana akiwa ziarani Asia. Mwaka huohuo jarida la Transition, alilokuwa akilihariri Rajat Neogy mjini Kampala, lilichapa makala ya Ali Mazrui, kijana wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Mazrui alimchora Nkrumah kama Lenin aliyevaa joho la mfalme wa Urusi: mwanamapinduzi asiyeshiba fahari. Kilichochoma zaidi ni hukumu yake kwamba Nkrumah alikuwa Mwafrika mkubwa, ila hakufikia kuwa Mghana mkubwa.

Wasomaji walicharuka, na mabishano yakaendelea jaridani kwa muda mrefu. Wengine walisema Mazrui anampiga aliyekwisha anguka. Hapo walikuwa na haki. Maneno hayo yangekuwa na ujasiri zaidi Nkrumah angali Ikulu. Lakini waliomtetea Mazrui nao walikuwa na la kujibu. Tangu 1958 Ghana ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na Februari 1965 J. B. Danquah, mzee wa siasa aliyemkaribisha Nkrumah kwenye harakati za uhuru, alifia gerezani Nsawam. Nani Afrika Mashariki alitaka kulisema hilo kwa sauti?

Mazrui hakuwa mtakatifu. Mwaka 1994 alipendekeza nchi za Kiafrika zilizosambaratika ziwekwe chini ya uangalizi wa nchi nyingine, na msomi wa Afrika Kusini, Archie Mafeje, akamshukia bila huruma. Sawa kabisa, kwa maoni yangu. Wazo bovu lilikutana na mpinzani mwenye hoja, na hakuna aliyelala rumande kwa ajili yake.

Kampala mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1967 ilifichuka kuwa taasisi iliyoifadhili Transition ilikuwa ikipokea fedha za CIA, na maadui wa jarida wakapata fimbo. Oktoba 1968 serikali ya Uganda chini ya Milton Obote ikamkamata Neogy pamoja na mbunge Abu Mayanja, ambaye barua yake ya kuikosoa serikali ilikuwa imechapwa humo. Mazrui, mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliendelea kufundisha Makerere. Yeye aliondoka baadaye, enzi za Idi Amin.

Neogy alipotoka kifungoni aliihama Uganda. Mwaka 1971 Transition ikafufuka Accra, mji ambao Nkrumah, akiwa bado uhamishoni, hakuweza kuukanyaga.