Kichwa cha Luzira na Ufinyanzi wa Sanamu katika Ufuko wa Port Bell

Port Bell, bandari ya Kampala iliyo katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, ilianzishwa mwaka 1908 na kupewa jina la Hesketh Bell, gavana wa kwanza wa Uganda, na tangu hapo imejulikana kwa meli, reli na bia kuliko kwa sanaa. Hata hivyo, kilima cha Luzira kilicho jirani yake, ambako serikali ya kikoloni ilijenga gereza kuu katika miaka ya 1920, ndicho kilichotoa sanamu ya udongo uliochomwa ambayo hadi leo inawalazimu wanahistoria wa sanaa ya Afrika Mashariki kufikiri upya.

Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika eneo la gereza walikuta vigae vingi vya vyungu pamoja na vipande vya sanamu za watu, kikiwemo kichwa ambacho wataalamu wamezoea kukiita Kichwa cha Luzira. Vitu hivyo viliingia British Museum mwaka 1931, na miaka miwili baadaye E. J. Wayland, aliyekuwa mkurugenzi wa idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika taarifa juu yake katika jarida la Man akishirikiana na M. C. Burkitt na H. J. Braunholtz. Kwa kuwa uchimbaji ulikuwa wa ujenzi na si wa akiolojia, tabaka za ardhi, yaani mfuatano wa udongo ambao humwezesha mtaalamu kukadiria umri wa kitu, hazikuchunguzwa kwa namna ambayo ingetakiwa leo, na upungufu huo ndio uliokiacha kichwa hicho bila umri wa kuaminika kwa miongo mingi.

Kichwa chenyewe ni kazi ya mfinyanzi kabla ya kuwa kazi ya mchongaji. Katika nchi za Maziwa Makuu chungu hakikufinyangwa kwa gurudumu, bali mfinyanzi aliviringisha udongo kuwa kamba nene, akazizungusha moja juu ya nyingine, kisha akasawazisha maungio kwa vidole au kwa kigae, na sanamu ya Luzira, ambayo ni tupu kwa ndani, inafuata mantiki hiyohiyo. Utupu huo una sababu yake, kwani udongo mnene hukauka polepole, na unyevu uliobaki ndani yake hugeuka mvuke katika moto na kuupasua. Aliyeifinyanga sanamu hiyo, basi, alikuwa amekwisha kujifunza kutokana na vyungu vingi vilivyopasuka, na haielekei kwamba kazi ya ustadi kama huo ilikuwa jaribio la mtu mmoja asiye na waliomtangulia.

Suala la umri lilipata jibu lenye uzito mwaka 2008, wakati Andrew Reid na Ceri Ashley walipochapisha katika jarida la Antiquity uchunguzi mpya wa historia ya ugunduzi huo pamoja na matokeo ya utafiti katika eneo jingine la karibu, wakakiweka kichwa hicho mwishoni mwa milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kipindi hicho kinafuata kile cha Urewe, jina linalotumiwa kwa vyungu vya nakshi nzuri vya wakulima na wafua chuma wa mwanzo wa eneo la ziwa, na kinatangulia kuinuka kwa Buganda na falme jirani. Luzira haikuwa peke yake pia, kwa kuwa sanamu nyingine ya udongo ilipatikana Entebbe mwaka 1964, na Merrick Posnansky na J. H. Chaplin wakaiandikia mwaka 1968.

Ni rahisi mno kuziunganisha sanamu hizo na ibada ya Mukasa, mungu wa ziwa ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika visiwa vya Ssese, lakini ibada hiyo inajulikana kutokana na masimulizi ya karne za karibuni, na pengo lililopo kati ya zama hizo mbili ni pana. Linaloweza kusemwa kwa tahadhari ni kwamba jamii ya ufukoni, iliyoishi kwa samaki, kilimo na mitumbwi, iliona inafaa kuwaunda watu kwa udongo uleule uliotumika kupikia chakula.

Mwaka mmoja kabla ya ugunduzi wa Luzira, wachimba madini ya bati katika kijiji cha Nok, Nigeria, walikuwa wamefukua sanamu za udongo ambazo baadaye zilipata sifa duniani kote. Nok ilipata watafiti, vitabu na maonyesho. Luzira ikapata makala chache za wataalamu, huku dai kwamba Afrika Mashariki haikuwa na mapokeo ya sanamu likiendelea kurudiwa. Dai hilo lilipata nguvu kwa sababu ufinyanzi wa Buganda uliokutwa na wageni wa karne ya 19 ulikuwa wa vyombo: bajjoona, wafinyanzi wa Kabaka, walisifika kwa vyungu vyeusi vilivyong'arishwa kwa grafiti, yaani madini laini meusi yanayong'aa, si kwa sura za watu. Kukatika kwa mapokeo kulichukuliwa kuwa ushahidi kwamba hayakuwahi kuwapo, na hilo ni kosa la hoja, si la akiolojia.

Mwezi Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha Kampala vitu 39 vya kale vya Uganda, kwa utaratibu wa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kurefushwa. Kichwa cha Luzira hakikuwa miongoni mwake, kwa kuwa kiko mikononi mwa British Museum, London.