Mpinzani Anayepewa Ngano ya Bure

Leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumzie gemu. Si zile za kukimbiza magari, bali zile za zamu: wewe unacheza, unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, kisha kompyuta nayo inacheza.

Kuna jambo limenisumbua muda mrefu. Mwaka 1997 mashine ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa chesi, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Miaka 4 baadaye, mwaka 2001, ikatoka Civilization III, gemu ya kujenga dola kuanzia kijiji kimoja hadi kurusha roketi, na ndani yake kompyuta ilikuwa ikichezewa shere kwa hila ambayo mtoto wa darasa la nne angeishtukia. Unaacha mji mmoja bila mlinzi. Jeshi la adui linauelekea. Likikaribia, unarudisha mlinzi na kuacha wazi mji mwingine ulio mbali. Jeshi linageuka, linaanza safari upya. Unalitembeza hivyo huku manati zako zikilipiga mawe kila linapopita.

Imekuwaje mashine iliyomtoa jasho Kasparov iwe na binamu mjinga kiasi hiki?

Tuanze na chesi, kwa maana wote wametoka huko. Alan Turing na David Champernowne walitunga kanuni za kucheza chesi mwaka 1948, wakati hapakuwa na mashine ya kuziendesha. Mwaka 1952 Turing alikaa na karatasi akawa yeye mwenyewe ndiye kompyuta. Kila zamu ilimchukua kama nusu saa ya kupiga hesabu, na Alick Glennie, aliyekuwa upande wa pili, akamfunga kwa hatua 29. Naye Claude Shannon alikuwa ameeleza njia yenyewe katika makala ya mwaka 1950. Ipe kila kete thamani, kwa mfano malkia 9, ngome 5, farasi 3, askari 1. Jaribu kila hatua inayowezekana, kisha kila jibu la adui, kisha kila jibu lako, halafu chagua njia inayokuachia jumla iliyo nzuri.

Njia hii ilikuwa na ugonjwa, na mwaka 1973 Hans Berliner aliupa jina: athari ya upeo. Mashine inayotazama hatua 6 mbele haioni ya 7. Ikigundua kwamba itapoteza ngome katika hatua ya 6, itamtoa askari sadaka, kisha mwingine, mradi tu hasara ile isogee nje ya macho yake. Ni kama yule jamaa anayekopa kwa simu ili alipe mkopo mwingine wa simu. Deni halijaenda popote. Programu ya drafti niliyoandika nikiwa chuoni ilikuwa na ugonjwa huu huu, na bawabu wa hosteli aliugundua kabla yangu. Alikuwa anaanza kucheka mara tu akiona inagawa kete ovyo.

Katika chesi dawa ilikuwa kasi. Deep Blue ilikagua karibu mikao milioni 200 kwa sekunde, hivyo upeo wake ulikuwa mbali kiasi kwamba binadamu hakuweza kujificha nyuma yake kwa urahisi.

Sasa jaribu dawa hiyo kwenye gemu ya dola. Chesi ina wastani wa hatua 35 hivi kwa zamu, na unasogeza kete moja tu. Katika gemu ya dola unasogeza vikosi vyote katika zamu moja. Tuseme una vikosi 10, na kila kimoja kina mahali 10 pa kwenda. Hiyo ni 10 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani njia bilioni 10 za kucheza zamu moja. Deep Blue ingehitaji sekunde 50 kuzipitia. Si mbaya. Lakini ukitaka kuzingatia pia majibu yote ya adui mwenye vikosi 10, sekunde hizo 50 zinageuka kuwa zaidi ya miaka 15,000. Na bado hatujajenga ghala, hatujafanya biashara, hatujaongea na jirani. Juu ya hayo, mchezaji hasubiri, na nusu ya nguvu ya kompyuta yake inachora mawimbi ya bahari.

Kwa hivyo waandishi wa gemu hizi waliacha kutafuta mbele. Kwa kawaida kila kikosi hupewa kanuni fupi: tafuta mji dhaifu ulio karibu, nenda. Zamu ijayo kinaamua upya, bila kukumbuka jana kilikuwa kinaelekea wapi wala kwa nini. Ndiyo maana lile jeshi linatembezwa kama ng'ombe.

Hapa ndipo zawadi zinapoingia. Mpinzani asiyejua kufikiri hawezi kuongezewa akili kwa kuchagua ngazi ya juu kwenye menyu. Anachoweza kuongezewa ni mali. Civilization III inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko gemu nyingi. Kwenye ngazi ya Regent, kompyuta inalipa gharama sawa na wewe. Kwenye Emperor inalipa asilimia 80, kwenye Deity asilimia 60, na kwenye ngazi ya Sid, iliyoongezwa mwaka 2003 na kupewa jina la Sid Meier mwenyewe, asilimia 40. Mji mdogo unaokugharimu vipimo 20 vya chakula ili ukue, yeye anaukuza kwa 8. Tena anajua yaliyomo kwenye ramani ambayo wewe bado unaiona nyeusi. Akili ni ile ile ya ngazi ya chini, ila sasa ina mali.

Sina ugomvi na zawadi zenyewe. Soren Johnson, aliyeandika akili ya kompyuta ya Civilization III na kuongoza ubunifu wa Civilization IV (2005), alitoa mhadhara mwaka 2008 kuhusu jambo hili, na alikiri kwamba kazi ya mpinzani wa aina hii ni kushindwa kwa namna inayofurahisha. Naona ana haki. Ugomvi wangu uko kwingine. Mpinzani akilipa asilimia 40, huwezi tena kumshinda kwa kujenga dola vizuri. Kilimo chako kizuri hakifiki popote. Kinachobaki ni kumpiga pale asipopewa zawadi, yaani kwenye ujinga wake: mji wa chambo, mikataba ambayo hajui kuipima, jeshi linalotembezwa. Unapanda ngazi ukitafuta vita vya akili, kumbe kadiri unavyopanda ndivyo unavyoacha kucheza gemu na kuanza kucheza na programu.

Kuna kisa cha mwaka 1994 kinachonichekesha kila nikikikumbuka. X-COM ilitoka ikiwa na hitilafu: ukihifadhi mchezo na kuufungua tena, ugumu ulirudi kwenye ngazi ya wanaoanza bila kukuambia. Wachezaji hodari wakalalamika kwamba hata ngazi ya juu kabisa ni rahisi. Toleo lililofuata, la mwaka 1995, likafanywa gumu kupindukia.

Kisha ikaja Civilization V, mwaka 2010. Matoleo ya nyuma yaliruhusu kurundika vikosi vingi mahali pamoja, na rundo kubwa linaweza kushinda bila mpangilio wowote. Toleo hili likaweka kikosi kimoja kwa kila pembesita. Ghafla ilibidi wapiga mishale wakae nyuma, wapanda farasi wazunguke ubavuni, na njia isizibwe. Binadamu walifurahi. Kompyuta ikaanza kutanguliza wapiga mishale mbele ya panga, na zawadi zake zote zikawa mizoga mlimani. Rundo lilikuwa limefunika udhaifu huo kwa miaka mingi.

Mnaopenda kujionea wenyewe, fungueni msimbo wa Freeciv, gemu huria iliyoanzishwa na wanafunzi watatu wa Denmark miaka ya 1990. Humo kutoona kupita ukungu kumeandikwa kama kizuizi. Kuona kila kitu ndiyo hali ya kawaida, kwa sababu kwa mwandishi wa programu ndiyo kazi rahisi: ramani nzima iko pale kwenye kumbukumbu.

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati, mashine sasa zinajifunza zenyewe. Ni kweli AlphaGo ilimshinda Lee Sedol 4 kwa 1 kwenye mchezo wa Go mwaka 2016. Lakini mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa alishinda michezo 14 kati ya 15 dhidi ya KataGo, programu inayowashinda mabingwa. Alilizunguka kundi la kete zake polepole kwa duara kubwa, huku akiishughulisha kwenye pembe nyingine za ubao. KataGo ilifunzwa kuizuia hila hiyo, na mwaka 2024 watafiti wakaripoti kwamba hata kinga hizo mpya zilipatiwa upenyo.